Utando wa Sufu na Polima Unaopauka Asubuhi na Kunata Jioni

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kemia hapa Tudor, Mombasa. Nataka kutengeneza tando nyembamba zenye protini ya sufu na polivinili alkoholi, polima ya kutengenezwa inayoyeyuka majini, ili nizitumie kunasa rangi na shaba katika maji machafu ya viwanda vya nguo. Niliyeyusha gramu 5 za sufu katika mililita 100 za mmumunyo wa yurea na sodiamu metabisulfiti, nikautia mmumunyo katika mfuko wa dialisisi, ambao hupitisha molekuli ndogo na kuzuia protini, nikauacha usiku kucha ndani ya ndoo yenye lita 2 za maji yaliyokenekwa. Kesho yake niliuchanganya na polima nusu kwa nusu, nikaumwaga na kuukausha mezani. Utando hutoka mzuri, lakini asubuhi kiyoyozi kikiwashwa hufanya madoa meupe kama chumvi, na jioni kikizimwa hunata vidoleni kama halua. Ukitiwa majini huyeyuka wote. Je, niongeze polima? Na je, naweza kutumia gundi nyeupe ya mafundi seremala, ambayo ni rahisi zaidi?

Jibu: Marahaba. Katika barua yako, jambo lililonisimamisha ni saa ulizozitaja. Utando ulioharibika kwa sababu ya uwiano mbaya huwa mbaya mchana na usiku. Huu wako unafuata hewa ya chumba, unapauka hewa ikikauka na kunata unyevu wa bahari ukiingia. Hiyo ni tabia ya yurea. Ile yurea uliyoyeyushia sufu haikutoka, na sasa imo ndani ya utando wako, pengine kwa wingi kuliko protini yenyewe. Kwa hiyo usiongeze polima kwa sasa, maana utaongeza kitu kizuri juu ya kitu kichafu na hutajua kipi kimefanya nini.

Kila chumvi na kila kitu kinachoyeyuka kwa urahisi majini kina kiwango chake cha unyevu wa hewa ambacho kikipitwa, kitu hicho huanza kuvuta maji kutoka hewani mpaka kijiyeyushe chenyewe. Kwa yurea, kwenye joto la nyuzi 30, kiwango hicho ni karibu asilimia 73. Hewa ya Mombasa huzunguka hapo hapo mchana, na usiku hupita asilimia 80 mara kwa mara. Ndiyo sababu mfuko wa mbolea ya yurea ukiachwa wazi katika duka la pwani hugeuka bonge lenye maji, ilhali bara huweza kukaa msimu mzima ukiwa chembechembe. Ndani ya utando wako mambo ni yale yale: jioni yurea inavuta maji na kugeuka umajimaji unaolainisha polima, nawe unaona kunata, asubuhi kiyoyozi kinakausha hewa, yurea inarudi kuwa fuwele, nawe unaona madoa meupe.

Tufanye hesabu, kwa kuwa ndiyo itakayokushawishi kuliko maneno yangu. Hukutaja nguvu ya mmumunyo wako, nami nachukulia ni molari 8, yaani moli 8 kwa lita. Mmumunyo huo una gramu 480 za yurea kwa lita, kwa hiyo mililita 100 zako zilibeba gramu 48. Ukiweka mililita 100 ndani ya lita 2, jumla ni lita 2.1, na yurea ikishasambaa sawasawa pande zote mbili za mfuko, sehemu moja kati ya 21 hubaki ndani. Hiyo ni gramu 2.3, wakati mfuko huo huenda una gramu 2 tu za keratini, yaani protini ya sufu. Ukibadilisha maji mara ya pili, itabaki takriban gramu 0.11, mara ya tatu, miligramu 5, mara ya nne, robo ya miligramu. Ndoo moja ya lita 8 iliyokaa usiku kucha haiwezi kufanya kazi ya ndoo nne za lita 2 zilizobadilishwa kwa zamu, ingawa maji yaliyotumika ni kiasi kile kile. Nakuomba ulishike jambo hili kwa makini, kwa sababu wanafunzi wengi hudhani muda mrefu unaweza kuchukua nafasi ya kubadilisha maji, na pande mbili zikishalingana hata wiki nzima haitatoa kitu. Mashine ya figo hospitalini inamwondolea mgonjwa yurea hiyo hiyo kwa kanuni hiyo hiyo, na ndiyo maana umajimaji unaosafisha hupitishwa mpya muda wote na hauachwi ukalala.

Badilisha basi maji mara mbili au tatu kwa siku, kwa siku tatu. Tumia mfuko unaozuia molekuli zenye uzito wa daltoni 12,000 hadi 14,000 na kuendelea, na usiujaze: acha theluthi yake tupu, kwa kuwa yurea ya ndani huvuta maji kwa nguvu saa za mwanzo na mfuko uliojaa hupasuka. Maji yawe yaliyokenekwa kweli. Maji ya visima vya kisiwani yana chumvi, na kalsiamu iliyomo hushikana na vikundi vyenye chaji hasi vya keratini na kuigandisha. Kabla ya kuacha, chukua mililita 100 za maji ya mwisho ya nje, yakaushe kwa nyuzi 60 katika kisahani ulichokwisha kukipima, kisha pima tena. Mabaki yakizidi miligramu 1 au 2, endelea kubadilisha.

Kama unataka uhakika kabla ya kurudia kazi yote, chukua utando mmoja ulioharibika, ambao hukuutia glisirini, ukaushe, upime uzito, kisha uuloweke saa mbili katika ethanoli safi ya asilimia 95. Usitumie ile spiriti ya dukani iliyotiwa rangi. Yurea huyeyuka katika ethanoli, keratini na polivinili alkoholi haziyeyuki. Kausha utando na uupime tena, na ile ethanoli uiache ivukize katika kisahani cha kioo. Ukiona sindano nyeupe zimebaki kwenye kisahani na utando umepungua uzito, shauri limekwisha.

Huenda ukauliza kwa nini tusiiepuke yurea kabisa. Hatuwezi kwa urahisi, na sababu yake imo katika umbo la sufu yenyewe. Keratini ina salfa nyingi, karibu asilimia 3 hadi 4 ya uzito wa sufu, na salfa hiyo iko hasa katika madaraja ya salfa kwa salfa yanayofunga mnyororo mmoja wa protini na mwingine. Zaidi ya hayo kuna vifungo vya haidrojeni vinavyoshikilia minyororo ikiwa imejipinda. William Astbury, alipoupitishia unyoya wa sufu miale ya eksirei huko Leeds, Uingereza, katika miaka ya 1930, aliona kwamba ukiuvuta mchoro wake hubadilika, kutoka umbo la kujipinda aliloliita alfa hadi umbo lililonyooka aliloliita beta, na ukiuachia hurudi. Mpangilio huo ndio unaoipa sufu mnepo wake. Yurea kazi yake ni kulegeza vifungo vya haidrojeni, na metabisulfiti kazi yake ni kukata madaraja ya salfa. Moja bila nyingine haifiki mbali. Lakini ujue pia gharama yake: keratini ikishayeyuka na kuwa mmumunyo, mpangilio ule umepotea, na ndiyo sababu utando wa keratini tupu huvunjika kama kaki hata kama ulitoka katika sufu iliyo imara kabisa. Polima ya kutengenezwa inaingizwa ili kurudisha sehemu ya unyumbufu huo.

Katika uyeyushaji wako sioni kosa kubwa, ila nitaongeza machache. Yurea gramu 48 hujaza nafasi kubwa, hivyo iyeyushe katika maji machache kwanza kisha ujazilize hadi mililita 100. Ukiitia katika mililita 100 kamili utapata mmumunyo mwepesi kuliko unavyodhani. Chupa itakuwa baridi mkononi, kwa kuwa yurea hunyonya joto inapoyeyuka, basi ipashe taratibu. Tia metabisulfiti gramu 9.5, ambayo ni nusu molari, halafu pandisha pH hadi 6.5 kwa sodiamu haidroksaidi, na utikise kwa nyuzi 65 kwa muda wa saa mbili. Usipandishe joto kwa kutaka haraka, maana yurea ikichemshwa hutoa sayaneti inayoshikana na protini na kuibadilisha. Kazi hii ifanywe ndani ya kabati la kuvuta hewa. Metabisulfiti ikikutana na asidi hutoa salfa dioksaidi, na mwenye pumu katika maabara yenu anaweza kuumia vibaya. Sufu haitayeyuka yote; chuja mabaki na usiyasikitikie.

Kuhusu sufu yenyewe hukunieleza ulikoipata. Kondoo wa huku kwetu pwani na wale wekundu wa Wamasai wana nywele kuliko sufu; sufu ya kweli ya Kenya hutoka kwa kondoo wa aina ya Merino na Corriedale wa nyanda za juu, kama vile Molo na Laikipia. Kama ulinunua uzi wa kufumia dukani, choma ncha yake kwanza: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni, ilhali akriliki huyeyuka na kuacha shanga ngumu. Sufu mbichi ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, kisha itolewe mafuta kwa petroli etha, kile kiyeyushi cha maabara. Mafuta yakibaki, utando utakuwa na vitundu vya mviringo ambavyo hakuna uwiano utakaoviziba.

Sasa gundi ya seremala. Hapana, usiitumie. Makopo mengi ya gundi hiyo huandikwa PVA, herufi zile zile zinazotumiwa kwa polivinili alkoholi, nazo zimewapotosha wengi, lakini iliyomo ni polivinili asetati, matone madogo ya plastiki yanayoelea majini pamoja na viungo ambavyo mtengenezaji havitaji. Polivinili alkoholi ni nyingine, ingawa ni mtoto wa hiyo: Willy Herrmann na Wolfram Haehnel waliitengeneza Ujerumani mwaka 1924 kwa kuondoa vikundi vya asetati na kuacha vikundi vya haidroksili mahali pake. Kiasi cha asetati kilichoondolewa ndicho kinachoamua tabia yake, na kwa kazi yako ni jambo kubwa kuliko uwiano uliouuliza. Ile iliyoondolewa asilimia 87 hadi 89 huyeyuka hata katika maji ya baridi, kwa kuwa asetati zilizobaki huzuia minyororo kujipanga. Ile ya asilimia 98 au 99 hujipanga vizuri, hufanya fuwele, na huhitaji maji ya nyuzi 90 ili iyeyuke. Tazama lebo ya chupa yako. Ikiwa ni 88, hiyo ni nusu ya sababu ya utando wako kutoweka majini.

Kuiyeyusha fanya kama unavyokoroga uji: unga uingie katika maji ya baridi kwanza, huku unakoroga, ndipo joto lipande. Ukiimwaga katika maji ya moto itafanya madonge yenye ngozi nje na unga mkavu ndani. Funika, koroga kwa saa moja kwa nyuzi 90, tengeneza mmumunyo wa asilimia 10, na uuache upoe chini ya nyuzi 40 kabla ya kukutana na keratini.

Kwa uwiano, hesabu uzito mkavu, kamwe usihesabu mililita. Baada ya dialisisi hujui una keratini kiasi gani mpaka ukaushe mililita 5 kwa nyuzi 105 na kupima. Mara nyingi ni asilimia 1 au 2. Tuseme ni 2. Mililita 60 zina gramu 1.2, ukiongeza mililita 28 za polima ya asilimia 10, yaani gramu 2.8, umepata mchanganyiko wa 30 kwa 70. Mililita 15 za mchanganyiko huo katika sahani ya petri ya sentimita 9 zitakupa utando wa unene wa karibu milimita 0.08. Mimi ningeanza na keratini asilimia 20, 30 na 40, pamoja na utando wa polima tupu wa kulinganishia. Ukifika nusu kwa nusu bila kilainishi, tarajia mipasuko. Glisirini kidogo, asilimia 10 ya uzito mkavu, husaidia bara. Hapa Mombasa nakushauri uanze bila hiyo, kwani nayo huvuta unyevu, na hewa yetu tayari imekuwa kilainishi cha bure.

Usidhani pia kwamba vitu hivi viwili vinapendana kwa sababu vimeonekana angavu katika chupa. Haidroksili za polima na amidi za protini hushikana kwa vifungo vya haidrojeni, hilo ni kweli, lakini minyororo mirefu huwa haina sababu kubwa ya kuchanganyikana, na kila upande hupenda kukaa na wenzake. Maji yanapoondoka, mchanganyiko hupita mahali ambapo kutengana kunawezekana, na muda unaokaa hapo ndio unaoamua ukubwa wa visiwa vya protini vitakavyogandia ndani ya utando. Kukausha mezani katika hewa ya pwani huchukua siku mbili au zaidi, muda wa kutosha kabisa kwa utengano huo. Tafuta tanuri yenye feni na uiweke nyuzi 45. Hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 75, ikipashwa hadi nyuzi 45, unyevu wake hushuka hadi karibu asilimia 35 bila kuondolewa tone moja la maji, na utando utakauka kwa saa kadhaa. Usizidishe sana, maana juu kutafanya ngozi na mapovu yatanaswa chini. Sahani zikae sawa. Pimamaji ya fundi inatosha. Zisiwe za kioo tupu, kwa kuwa polima hii hukishika kioo mpaka utando uchanike.

Jambo moja la pH: keratini hupoteza chaji zake karibu na pH 4.5, na hapo hugandamana kama maziwa yanavyokatika yakitiwa ndimu. Ndiyo maana njia za kuifunga polima kwa aldehidi, ambazo huhitaji asidi, huleta shida katika mchanganyiko huu zikitumiwa kabla ya kumwaga. Kwa tando zinazokusudiwa kukaa majini ningependelea joto: utando ukishakauka kabisa, uweke nyuzi 120 hadi 140 kwa saa moja. Fuwele za polima huongezeka na utando huacha kuyeyuka katika maji ya baridi. Utageuka manjano kidogo, na hilo ni la kawaida kwa protini. Sehemu ya keratini bado inaweza kutoka, kwa kuwa metabisulfiti iliacha vikundi vya sulfonati pale palipokuwa na madaraja ya salfa. Kwa hiyo loweka utando katika maji kwa siku moja, ukaushe, uupime, na uripoti kilichopotea.

Kama baada ya hayo yote bado unapoteza sana, badili polima. Watafiti wa Biella, mji wa sufu kaskazini mwa Italia, wameichanganya keratini na poliamaidi 6, ambayo ni aina ya nailoni, kwa kutumia asidi ya fomiki, na poliamaidi haiyeyuki majini hata kidogo. Asidi hiyo huunguza ngozi na mapafu, hivyo sitaki uiguse bila msimamizi kuwa chumbani.

Katika vipimo jihadhari na jambo moja lililowahi kunipotezea wiki kadhaa nilipokuwa kijana. Katika spektroskopia ya infraredi utatafuta mkanda wa amidi kati ya namba za mawimbi 1600 na 1700 kwa sentimita, ambapo alfa huonekana karibu na 1650 na beta karibu na 1625. Yurea nayo hunyonya pale pale, kwa nguvu, hivyo sampuli chafu itakuonyesha mabadiliko ya umbo la protini ambayo hayapo. Mkanda karibu na 1022 ni wa sulfonati, huo ni wako kihalali. Na ukipasha sampuli katika kipima joto cha kuyeyuka, kilele kidogo kwenye mchoro wake karibu na nyuzi 133 ni yurea inayoyeyuka. Ukikiona, rudi kwenye ndoo.

Kabla ya kupima nguvu ya kuvutika, weka tando zote siku tatu katika chombo kilichofungwa chenye bakuli la mmumunyo uliojaa chumvi ya kawaida hadi nyingine ibaki chini. Hewa ya ndani itatulia kwenye unyevu wa asilimia 75. Seti nyingine iweke juu ya mmumunyo uliojaa vivyo hivyo wa magnesiamu kloraidi, hewa itulie kwenye asilimia 33. Seti ya kwanza itakueleza utando utakavyokuwa Mombasa, ya pili utakavyokuwa mahali pakavu, na tofauti ya uzito kati ya seti hizo mbili, ukiipima kwanza kwa polima tupu na kisha kwa keratini asilimia 20, 30 na 40, ndiyo jedwali la kwanza ningependa kuliona katika barua yako ijayo.